Pampu ya petroli kwa Datsun yenye Weber mbili: uzoefu wangu

Ukitaka kununua pampu ya umeme kwa gari la kabureta, acha kwanza habari ya lita. Karibu kila pampu utakayoonyeshwa dukani inatoa mafuta mengi kuliko injini yako itakavyoweza kunywa. Swali la maana ni hili: inasukuma kwa presha gani, na presha hiyo inakaa pale pale ukikanyaga mafuta hadi mwisho? Nimeishi na mipango mitatu tofauti kwenye gari moja, na jibu la swali hilo ndilo lililotenganisha ule mzuri na ule wa hatari.

Gari ni Datsun 160J. Kwa Mkenya wa rika langu sina haja ya kueleza kwa nini: Shekhar Mehta alishinda mbio za magari za Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun za ukoo huu. Langu lina injini ya L18, cc 1,770, kabureta mbili za Weber 40 DCOE na kamshafti (mhimili unaofungua vali) kali kidogo. Nakadiria nguvu za farasi 130. Linatembea Nairobi siku za kazi, na nafasi ikipatikana linashuka Mombasa au linapanda kwenda Nakuru.

Hesabu yenyewe ni fupi. Injini ya petroli ikifanya kazi kwa nguvu zote hula takriban gramu 230 za mafuta kwa saa kwa kila farasi mmoja. Farasi 130 ni kilo 30 hivi, na kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 au zaidi kidogo, unapata lita 40 kwa saa. Basi. Holley Red, pampu inayopendwa sana na watu wa V8 za Kimarekani (injini za silinda nane), imeandikiwa galoni 97 za Kimarekani kwa saa, yaani zaidi ya lita 360. Namba hiyo hupimwa mafuta yakitoka bila kizuizi, na hushuka presha inapopanda, lakini hata ikishuka nusu bado ni mara kadhaa ya mahitaji yangu. Kwa hiyo muuzaji akikusifia lita, mshukuru, kisha mwulize psi, yaani kipimo cha presha.

Weber DCOE inataka psi 2.5 hadi 3.5. Mimi nimeweka 3. Ndani ya kabureta kuna sindano ndogo inayosukumwa na floti (boya) ili kufunga njia mafuta yakifika kiwango chake, na nguvu ya floti kushikilia sindano hiyo ni ndogo mno. Presha ikizidi, sindano inashindwa kuziba. Mafuta yanafurika, yanaingia kwenye silinda yakiwa majimaji, yanaosha oili ukutani na kushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Hivyo ndivyo gari hili lilivyokuwa nilipolinunua. Fundi wa mwenye gari wa kwanza alikuwa amefunga pampu ya injeksheni (mfumo wa kunyunyizia mafuta bila kabureta) kutoka gari lililokatwa vipuri. Pampu za aina hiyo zimeundwa kwa psi 40 na kuendelea. Ili kupunguza ukali, alibana hosi kwa klipu. Naomba msomaji atulie hapa kidogo, maana jambo hili nimeliona kwenye magari mengi: kubana hosi kunapunguza kiasi cha mafuta yanayopita, hakupunguzi presha. Injini ikiwa sailensa (inazunguka polepole gari limesimama), floti zimejaa na mafuta hayatembei, presha nyuma ya sindano inapanda taratibu hadi ile ile ya pampu. Ndiyo maana gari lilikuwa linawaka vizuri, linakwenda vizuri barabarani, halafu likisimama kwenye taa dakika moja linaanza kutoa moshi mweusi na kutaka kuzima. Plagi zilikuwa nyeusi tititi. Dipstiki ilinuka petroli. Na kabureta zile ziko juu kabisa ya manifoldi ya ekzosi, maana kwenye injini za ukoo wa L, kama L18 yangu, vyote viwili vinakaa upande mmoja. Sikuliendesha hivyo hata wiki moja.

Mpango wa pili ulikuwa kurudisha pampu ya mekanika, ile ya kiwandani. Kwenye L inafungwa mbele kwenye silindahedi, na mkono wake unasukumwa na kipande cha duara ambacho kitovu chake hakiko katikati, kilichokazwa kwenye gia ya kamshafti. Naiheshimu sana pampu hii. Haihitaji waya, haihitaji regyuleta (kifaa cha kusawazisha presha), presha yake iko karibu na ile Weber inayoitaka, na injini ikizima nayo inazima. Kwa gari lenye kabureta ya kiwandani, au hata Weber mbili za mwendo wa kawaida, nasema usiiguse. Badilisha dayaframu, ule utando wa ndani, ikichoka, maana ikipasuka inaweza kumwaga petroli ndani ya oili, kisha endelea na maisha.

Tatizo langu lilikuwa joto. Pampu ya mekanika inakaa kwenye injini na kuvuta mafuta kutoka tangi lililo nyuma kabisa. Mafuta yanayovutwa yana presha ndogo kuliko ya hewa, na kimiminika chochote chenye presha ndogo huchemka mapema. Ongeza na mwinuko: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, Limuru zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo hewa yenyewe ni nyepesi tayari. Kwenye msongamano wa kupanda kutoka Mai Mahiu, nyuma ya malori, paipu ilijaa mvuke na gari likaanza kukosa. Mtito Andei, njia ya Mombasa, ilikuwa vivyo hivyo: ukisimama kunywa chai ukirudi injini inazunguka tu, haishiki mpaka ipoe.

Mpango wa tatu ndio ninaotumia sasa, na ndio ninaoupendekeza kwa gari kama langu: pampu ya Facet ya umeme ya presha ndogo, regyuleta ya Malpassi Filter King, na paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Nilifikiria Facet Red Top kwa sababu ya jina lake kwenye mbio, lakini presha yake inafika psi 7 hivi, nami sikuona sababu ya kununua presha ili niipunguze. Ukichagua pampu ambayo kwa asili yake iko karibu na unachotaka, regyuleta inabaki na kazi nyepesi ya kusawazisha. Filter King naipenda kwa jambo moja zaidi ya kazi yake: ina bakuli la kioo. Ukifungua boneti unaona maji yamejikusanya chini au kutu ya tangi imeanza kushuka, kabla gari halijakwambia.

Mahali pa kufunga pampu ni pa maana kuliko jina lililoandikwa juu yake. Pampu hizi zinajua kusukuma, hazijui kuvuta. Yangu iko nyuma, karibu na tangi, chini ya usawa wa mafuta, mdomo wa kutolea ukielekea juu, imeshikiliwa kwa raba ili isitetemeshe bodi. Kabla yake kuna filta ya matundu makubwa ya kuzuia takataka, ile ya matundu madogo zaidi inakaa baada ya pampu. Kwa mpangilio huu mafuta kwenye paipu ndefu yanasukumwa badala ya kuvutwa, na presha ile inayapa ugumu wa kuchemka. Paipu ya kurudi inatoka karibu na kabureta na ina tundu la milimita moja na nusu hivi, ili mafuta yazunguke daima na kurudi nyuma kupoa badala ya kukaa juu ya injini yakipika. Mai Mahiu sasa napanda nyuma ya lori bila wasiwasi. Niseme pia kwamba pampu haiwezi kuzuia mafuta yaliyokwisha ingia ndani ya bakuli la kabureta yasichemke. Kwa hilo nimeweka bamba la alumini la kukinga joto kati ya ekzosi na Weber. Na hakikisha tundu la hewa la tangi halijaziba, la sivyo pampu nzuri kuliko zote itajikuta inavuta ombwe.

Umeme usiuchukulie kirahisi. Waya wa 2.5 mm² kutoka betri kupitia fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), ethi safi iliyokwanguliwa rangi. Waya mwembamba wa kuchukua moto kwenye redio utakupa volti 10 nyuma kule, na pampu itachoka huku ukilaumu kabureta. Rilei yangu inapitia swichi ya presha ya oili na swichi ya mgongano, ile ambayo Ford na Land Rover za injeksheni zinaitumia na yenye kitufe cha kubonyeza juu. Injini ikizima kwa ajali, pampu lazima izime yenyewe. Katika makala hii yote, hapa ndipo pasipo na mjadala: pampu ya umeme inayoendelea kumwaga petroli kwenye gari lililopinduka ni kifo.

Nilipima kwa njia mbili. Kwanza wingi: koili imetolewa waya, gari liko nje, kizima moto kiko mkononi mwa mtu wa pili, hosi ya kabureta inaingia kwenye jerikeni. Lita 40 kwa saa ni lita moja kila sekunde 90, kwa hiyo nilitaka lita moja ipatikane kwa nusu ya muda huo, na ilipatikana mapema zaidi. Pili presha: nilitia kiungo cha T kwenye njia ya kabureta, nikaivuta geji nje ya boneti na kuifunga kwa tepu mbele ya kioo, karibu na waipa. Usiingize geji ya petroli ndani ya gari, hata kwa jaribio. Kisha nikapanda mlima gia ya tatu, mguu chini. Sindano ya geji ilianzia 3 na haikushuka chini ya 2.5 hadi mwisho wa mzunguko wa injini.

Kasoro? Inasikika. Pampu za aina hii hugonga tiki-tiki, haraka unapowasha gari na polepole mafuta yakijaa. Kwenye 160J isiyo na mazulia mengi utaisikia kila asubuhi. Gharama nayo si ndogo ukijumlisha regyuleta, hosi za petroli za ubora na rilei. Pia kuna nakala nyingi za bei rahisi zenye umbo lile lile la boksi; niliyopewa kujaribu ilitoa psi 6 huku boksi likisema 4. Nunua ipi upendayo, lakini ipime kwa geji kabla haijafika kwenye kabureta.

Mwenye V8 na kabureta ya Holley ya matundu manne asinifuate namba kwa namba. Kabureta yake inataka psi 5 hadi 7, na Holley Red iliyo na kikomo cha psi 7 inamfaa. Holley Blue inafika psi 14, hiyo haiendi popote bila regyuleta.

Na ukiondoa pampu ya mekanika kwenye L, ziba tundu kwa bamba na gasketi mpya, lakini kile kipande cha duara kwenye gia ya kamshafti kiache mahali pake. Boliti ya gia imepimwa ikae pamoja nacho. Ukikitoa haitabana sawasawa.