Mapambo ya Krismasi: matawi mabichi au maganda makavu?

Kwa bei, yote mawili ni karibu bure ukiwa na bustani, au jirani mwenye bustani. Tofauti huanza baada ya kukata. Tawi la mvinje ndilo zuri kuliko yote hapa Pwani, maana linashabihi ule msonobari wa kwenye kadi. Ila kwa joto la Desemba, bila ndoo ya maji, litapukutika kabla wageni hawajafika. Bogenvilia ikikatwa hunyauka upesi zaidi. Oleanda iache huko huko nje: ina sumu, na watoto hutia kila kitu mdomoni.

Maganda ya mkrismasi (ule mti wa maua mekundu), yanayofika hata nusu mita, na vijitunda vya mvinje hudumu miaka. Adui yake Mombasa ni unyevu. Vianike juani siku kadhaa, uvihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, la sivyo ukungu utakutangulia. Vijitunda hufunguka vikikauka na kumwaga mbegu, kwa hiyo tandika gazeti.

Mwenye karamu ya siku moja achukue mabichi. Anayeishi ghorofani, bila bustani, makavu yatamfaa zaidi. Mishumaa ikae mbali na yote.