Nilivyohamisha maktaba yangu ya utafiti kutoka Mendeley kwenda Zotero

Mendeley na Zotero ni programu za kuhifadhi na kupanga marejeo ya utafiti. Sikuhama kwa hasira. Msimamizi wangu hapa Kampala ana kikundi cha watafiti wa sera ya lugha, na marejeo yao yote yako kwenye maktaba ya pamoja ya Zotero. Mimi tu ndiye nilikuwa bado natuma PDF kwa WhatsApp. Tasnifu yangu inahusu ufundishaji wa Kiswahili tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua, Julai 2022, kwamba kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Kwa hiyo maktaba yangu ina kila aina ya kitu: makala za majarida, ripoti za wizara, takwimu za sensa, na rundo la karatasi za zamani zilizoskaniwa.

Wengi watakushauri utoe kila kitu kwa faili moja ya RIS au BibTeX, yaani miundo ya faili za marejeo, uiingize upande wa pili. Inawezekana, ila kinachofika ni maelezo ya marejeo. Mpangilio wa folda na alama ulizopiga ndani ya PDF usivitegemee kwa njia hiyo. Zotero ina mlango wake. Kwenye menyu ya faili unakwenda sehemu ya kuingiza, unachagua Mendeley, unaweka barua pepe na nenosiri la huko, nayo inavuta yenyewe. Folda zangu zilikuja zikiwa folda. Lebo zilikuja. Hata mistari ya njano niliyopiga mwaka juzi ilitokea kwenye aya zilezile. Weka tiki kwenye chaguo la kuviweka vyote ndani ya folda mpya, ili visichanganyike na ulivyonavyo kabla hujavikagua.

Jambo la kujua mapema ni kwamba inavuta kutoka kwenye seva za Mendeley, si kutoka kwenye kompyuta yako. PDF ambayo hukuipandisha huko haitakuja. Maana yake data unaila mara mbili, kupandisha na kushusha, na kwa bei ya bando zetu hilo si dogo. Nilisubiri bando la usiku, nikaiacha mashine ikivuta, umeme ukakatika na ruta ikazima. Nilipoanzisha tena uingizaji, haikurudia vilivyokwisha kuingia, iliongeza vilivyobaki. Hapo niliipenda. Mwenye Wi-Fi ya chuo inayoshika vizuri asihangaike na bando.

Kilichonila muda hasa ni majina. Ripoti ya sensa ya 2024 ni ya Uganda Bureau of Statistics, lakini kwenye rekodi yangu jina hilo lilikuwa limekatwa vipande viwili: "Statistics" kwenye sehemu ya jina la ukoo, na "Uganda Bureau of" kwenye jina la kwanza. Kwa APA, mtindo mmojawapo wa kuandika marejeo, orodha ikatoa "Statistics, U. B. of", kama vile ni mzee fulani wa mtaa wa Ntinda. Wizara ya Elimu na Michezo nayo ikawa "Sports, M. of E. and". Kuhama hakukuleta ugonjwa huo. Data ilikuwa hivyo tangu zamani, ila ukihama ndipo unapoiona. Dawa yake iko paneli ya kulia: pembeni mwa jina la mwandishi kuna kitufe kidogo kinachounganisha sehemu mbili kuwa moja. Unabonyeza, unapanga maneno, basi. Ila ni rekodi kwa rekodi, na sisi tunaotumia ripoti za serikali tunazo nyingi.

La pili ni gumu zaidi kuligundua. Ali Mazrui, aliyewahi kufundisha Makerere, na Alamin Mazrui wote wameandika juu ya Kiswahili, mara nyingine kwa pamoja. APA inataka herufi za majina ya kwanza pale waandishi wawili wanapokuwa na jina moja la ukoo, na Zotero inaziweka bila kuambiwa. Sawa kabisa. Lakini kwangu Ali alikuwa ameingia kama "Ali", kama "Ali A." na kama "A. A.", na kwa programu hao ni watu watatu. Sura yangu ya pili ikajaa herufi zisizoeleweka zimetoka wapi. Nilipoandika "Ali A." kila mahali na kuzionyesha upya rejea ndani ya Word, zikatulia. Zilizojirudia kabisa zina folda yake maalumu, unaziunganisha kwa kubonyeza.

Kwa upande wa Word, rejea zilizowekwa kwa programu-jalizi (plugin) ya zamani ya Mendeley Desktop zinaunganishika na rekodi mpya. Wakati wa kuingiza kuna chaguo la hilo. Zilizowekwa kwa Mendeley Cite, ile mpya, jiandae kuziweka upya kwa mkono. Fanya kwenye nakala, kamwe si kwenye faili halisi, na kama unakabidhi tasnifu mwezi ujao, ngoja ukabidhi kwanza.

Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili kwenye seva ndiyo hasara. Mendeley inakupa GB 2, Zotero MB 300, na ukitaka GB 2 unalipa dola 20 kwa mwaka, yaani takriban shilingi 70,000 za kwetu. Mimi sijalipa. Nimezima usawazishaji wa mafaili nikaacha wa rekodi, ambao hauna kikomo wala malipo, na PDF ziko kwenye folda ya Zotero ndani ya kompyuta, nakala kwenye diski ya nje. PDF za maktaba ya pamoja ni suala lingine: zinahesabiwa kwenye nafasi ya mwenye kikundi, na kwetu mwenye kikundi ni msimamizi.