Albamu za Kuanzia Metali ya Progresivu: Mapendekezo kwa Msikilizaji Mgeni

Mtu anayetaka kuijua metali ya progresivu, tawi la roki nzito ya gitaa lenye utunzi tata, mara nyingi hupewa kwanza albamu ngumu kuliko zote, kwa sababu wanaompa ni mashabiki waliokwisha kuzama, nao wamekwisha kusahau kilichowavuta siku ya kwanza. Hapa nimezipanga albamu kwa kuangalia sikio geni litashika nini mapema, si kwa kuangalia ipi ni bora kuliko nyingine. Ni kweli kwamba muziki huu unajulikana kwa nyimbo ndefu, kwa hesabu ya mapigo inayobadilika katikati ya wimbo na kwa wapigaji wenye ufundi wa hali ya juu, lakini sifa hizo hazimsaidii kitu mtu ambaye bado hajapata wimbo hata mmoja wa kuuimba kimoyomoyo.

Kwa hiyo ninaanza na Images and Words ya bendi ya Marekani iitwayo Dream Theater, iliyotoka mwaka 1992. Ina nyimbo 8 zinazochukua karibu saa nzima, na ndiyo albamu ya kwanza ya bendi hiyo kuimbwa na James LaBrie, Mkanada mwenye sauti ya juu isiyo na mikwaruzo. Wimbo wa kwanza, Pull Me Under, unazidi dakika 8, ila kiitikio chake hunasa mara moja. Kisha unakatika ghafla kama redio iliyozimwa, na ni vema ujue mapema kwamba ulitungwa hivyo na kifaa chako ni kizima. Another Day ni wa taratibu na una saksafoni, ilhali Metropolis Part I una sehemu ndefu isiyo na uimbaji, ambamo gitaa, kinanda, besi na ngoma hufukuzana bila kupotezana. Dosari yake ni mlio wa ngoma, ambao kwangu ni mkavu na umechakaa kuliko muziki wenyewe. Wapo pia wasioivumilia sauti ya LaBrie, na hao ningewaelekeza kwenye In Absentia ya Porcupine Tree ya Uingereza, ya mwaka 2002, hata kama wanaojali mipaka watasema kwamba ni roki zaidi kuliko metali.

Kikwazo kikubwa zaidi kwa mgeni ni ule uimbaji wa kunguruma, na hapa ndipo bendi ya Uswidi, Opeth, inapofaa kuliko zote. Mwimbaji wake, Mikael Åkerfeldt, ana sauti mbili: moja ni mngurumo wa kina kirefu, nyingine ni laini na ya huzuni, na huhama kutoka moja hadi nyingine ndani ya wimbo uleule. Anza na Damnation ya mwaka 2003, ambayo haina mngurumo hata kidogo, ukae nayo siku kadhaa mpaka uzoee jinsi bendi hii inavyojenga majonzi yake polepole. Ukishafika hapo, fungua Blackwater Park ya mwaka 2001, ambayo Steven Wilson wa Porcupine Tree alishiriki kuitayarisha. Usiianze kwa wimbo wake wa kwanza. Sikiliza kwanza Harvest, ulio mtulivu toka mwanzo hadi mwisho, kisha The Drapery Falls, ambao unakuchukua kwa upole dakika kadhaa kabla mngurumo haujaingia, na unapoingia utagundua kwamba muziki ulikuwa ukiudai tangu awali. Kwangu hii ndiyo albamu bora kati ya zote nilizozitaja.

Lateralus ya bendi ya Marekani iitwayo Tool, nayo ya mwaka 2001, inahitaji subira ya aina nyingine, kwani inakaribia dakika 80 na hutegemea marudio kuliko kasi. Katika wimbo uliobeba jina la albamu, idadi ya silabi za mistari hufuata namba za Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, yaani 1, 1, 2, 3, 5, 8, kisha hushuka tena. Mashabiki hulizungumzia sana jambo hilo, ingawa mimi niliupenda wimbo huo kwa ngoma za Danny Carey muda mrefu kabla sijahesabu chochote.

Meshuggah, ambao pia wanatoka Uswidi, wangoje hadi mwisho. Albamu yao ya mwaka 2008, obZen, humfanya mgeni ahisi kwamba kila mpigaji yuko kwenye wimbo wake, kwa sababu gitaa na ngoma ya mguu hurudia mzunguko usiolingana na ule wa matoazi. Usihangaike na gitaa: lifuate toazi, ambalo kwa kawaida linahesabu mapigo manne ya kawaida kabisa, utikise kichwa nalo, na baada ya muda utasikia gitaa likizunguka na kurudi kulikuta toazi palepale.