Nimehama PAF, sasa natumia Gramps: uzoefu wangu

Tulioanza kuingiza nasaba kwenye kompyuta enzi za Windows XP, wengi tulianzia kwenye PAF. Jina lake kamili ni Personal Ancestral File, programu ya nasaba iliyokuwa ikitolewa bure na FamilySearch, taasisi ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho kule Utah, Marekani. Ilikuwa nyepesi, haikuhitaji intaneti, na ukishaizoea unaingiza mtoto wa tisa wa mtu huku unaongea na simu. Kituko chake kilikuwa kimoja: kila mtu alitengewa nafasi za ibada za hekaluni za kanisa hilo, hata babu yangu aliyesomesha Kurani Wete maisha yake yote. Bahati nzuri nafasi hizo zilifichika.

Julai 2013 wenyewe wakaifunga. Hakuna kupakua tena, hakuna marekebisho, hakuna wa kumuuliza. Tuliokuwa nayo tukaendelea nayo, maana mtu hahami nyumba isiyovuja. Kilichonitoa mimi ni laptop mpya yenye Linux badala ya Windows, na PAF ilikuwa ya Windows.

FamilySearch walipoifunga PAF waliwaelekeza watu kwenye Ancestral Quest, Legacy Family Tree na RootsMagic. Zote ni programu za kuaminika, na kama unatumia Windows na una kadi ya kulipia mtandaoni, RootsMagic itakufaa bila kukuumiza kichwa. Mimi nikaangukia Gramps. Ni ya bure kabisa, inatengenezwa na watu wa kujitolea tangu 2001, na inakubali Linux, Windows na Mac. Nimeitumia vya kutosha sasa kuweza kuisema mazuri na mabaya yake.

Daraja la kuvukia ni GEDCOM. Hilo ni faili la maandishi matupu, muundo uliobuniwa na kanisa lilelile mwaka 1984, na karibu kila programu ya nasaba inauelewa. Ukilifungua kwa Notepad unakuta mistari kama "1 NAME Salim /Omar/", chini yake "1 BIRT", kisha "2 DATE" na "2 PLAC". Watu wana namba zao na ndoa zina namba zao. Kila ndoa ina nafasi ya mume mmoja na mke mmoja, kwa hiyo mzee mwenye wake watatu anaandikiwa ndoa tatu, na kila mtoto anakaa chini ya ndoa aliyozaliwa. Kwa familia zetu hapo hapana tabu: wa tumbo moja na wa baba mmoja hawachanganyiki.

Wakati wa kutoa faili, PAF inakuuliza aina ya herufi. Chagua UTF-8. Ile nyingine iitwayo ANSEL inajua herufi za Kilatini tu, na mwenye majina aliyoyanakili kwa herufi za Kiarabu kutoka kwenye silsila za wazee hatayaona tena upande wa pili.

Watu walifika wote, na ndoa zote, na maelezo niliyokuwa nimeyaandika chini ya kila mtu. Picha hazikufika, na hilo si kosa la Gramps wala la PAF. GEDCOM haibebi picha yenyewe, inabeba anwani yake tu, na anwani inayoanza na C:\ haina maana yoyote kwenye Linux. Nikanakili folda la picha kwa flashi, kisha nikaingia kwenye chombo kinachoitwa Media Manager, ambacho kinabadilisha kipande cha anwani kwa picha zote kwa mpigo mmoja. Anayekwambia urekebishe moja moja hakijui chombo hicho.

Sasa majina, na hapa ndipo programu nyingi za Kizungu hutukera. Zinaamini kila mtu ana jina la ukoo analorithi kama shamba. Sisi Salim wa Omar akizaa, mtoto ni Said Salim, si Said Omar. Gramps nayo ukiiacha ilivyo, ukimwongeza mtoto inambandika jina la mwisho la baba. Lakini kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchagua namna inavyobashiri jina hilo: kwa baba, kwa baba na mama, kwa mtindo wa Iceland, au isibashiri kabisa. Nikachagua isibashiri. Halafu orodha ya watu usiitazame ile iliyopangwa kwa koo, utakuta Omar wote wa Pemba wamerundikwa pamoja kana kwamba ni ndugu. Iko orodha nyingine ya kawaida, mtu mmoja mstari mmoja.

Tarehe ndizo zilizonifanya nisirudi nyuma. Wazee wetu hawakusema Juni 1903. Shangazi yangu akiulizwa alizaliwa lini baba yake anajibu, "Mfungo Sita mwanangu, siku za Maulidi," na mwaka anautaja wa Hijria, 1321, kwa sababu umeandikwa nyuma ya msahafu. Kwenye PAF niliandika hivyohivyo kama maneno, na programu haikujua imweke wapi kwenye mpangilio wa miaka. Gramps ina kalenda ya Kiislamu ndani yake. Unafungua dirisha la tarehe, unachagua kalenda hiyo, unaweka Rabi al-awwal, ambao ndio Mfungo Sita wetu, na 1321. Tarehe inabaki kama shangazi alivyoitaja, na huku programu inajua kwamba inaangukia kati ya mwisho wa Mei na Juni 1903, ikampanga mzee mbele ya mdogo wake aliyeandikiwa tarehe ya Kizungu. Tarehe zilizokuja kutoka PAF kama maneno hazijigeuzi zenyewe. Itabidi upite kwa mkono, na kwangu ndiyo kazi iliyokula jioni nyingi kuliko zote.

Mahali nako kumefikiriwa vizuri. Wete iko ndani ya Pemba, Pemba ndani ya Zanzibar, na Zanzibar naiweka ndani ya Tanzania kuanzia 26 Aprili 1964. Nikifungua mtu aliyezaliwa 1950, Tanzania haitokei. Aliyezaliwa 1970, inatokea. Kwenye PAF mahali palikuwa mstari wa maneno tu, na nilikuwa na Wete kwa tahajia za kila namna.

Jambo jingine dogo lakini kwetu kubwa: undugu wa kunyonya. Gramps inakuruhusu kumfungamanisha mtu na mtu mwingine kwa uhusiano unaoutaja mwenyewe. Nimewaandika walionyonya ziwa moja, maana watu wa aina hiyo hawaoani, na wazee wanaokumbuka nani alinyonyeshwa na nani wanapungua.

Mabaya yake? Ni nzito kuizoea. Ukitaka kuandika kwamba fulani alizaliwa mwaka fulani na habari hiyo umeipata kwa fulani, unafungua dirisha la mtu, ndani yake la tukio, ndani yake la rejea, ndani yake la chanzo. Madirisha manne yamelaliana, na ukifunga moja bila kuhifadhi inakuuliza. PAF ungemaliza kwa sekunde chache. Tena mimi naitumia kwa Kiingereza, na maneno ya kikutubi kama "citation" (rejea) na "repository" (mahali chanzo kinapohifadhiwa) yatamtisha anayeanza. Usimpe mzee wa ukoo aingize mwenyewe. Mwache asimulie, uingize wewe.

Kwa kuwagawia jamaa, inatengeneza kurasa za wavuti zinazokaa kwenye folda. Unaziweka kwenye flashi, mtu anafungua Muscat au Mombasa bila kusakinisha kitu. Kabla ya hapo tumia kufuli. Kila mtu, tukio au maelezo yana alama ya kufuli, na ukitoa nakala unaweza kuamuru vilivyofungwa visitoke, na walio hai pia wasitoke. Kila ukoo una habari zake za chumbani: talaka zisizosemwa, mtoto aliyelelewa kwa jina jingine. Mimi naziandika, kisha nazifunga.

Akiba naweka kwa faili la .gpkg, ambalo linabeba na picha zote. Kila mara natoa na GEDCOM moja pembeni, endapo siku moja Gramps nayo itafungwa.

Kama bado una faili la .paf mahali na kompyuta yake imekufa, Gramps hailifungui moja kwa moja. Tafuta mwenye Windows, weka Ancestral Quest Basics, ambayo ni ya bure na ni damu moja na PAF. Inalifungua faili hilo kama lilivyo, na kutoka hapo unatoa GEDCOM.