Niliambiwa "ufuko haukimbii": uzoefu wangu katika bustani ya jiji ya ufukweni

Sikukusudia kuandika chochote kuhusu bustani hii, kwa kuwa saa zake za kufunguliwa na picha za miti yake zinapatikana kwa yeyote anayezitafuta. Ninachoandika kinahusu njia moja ya kushukia ufukweni, ile ya mteremko waliyojengewa wenye viti vya magurudumu, na mlinzi aliyekuwa ameketi mbele yake tulipofika hivi karibuni. Mama yangu ni mtu mzima, na hutumia kiti cha magurudumu. Mlinzi yule hakumpa hata salamu; alimwambia tu, "Hapa pamefungwa, huoni utepe?" Nilipomwuliza pamefungwa mpaka lini, alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Mna haraka ya nini? Ufuko haukimbii."

Unakimbia, tena mbele ya macho yake. Mteremko huo umefungwa kwa sababu mchanga uliokuwa chini yake umeondoka, na sehemu ya chini ya zege sasa inaning'inia hewani. Aliyechagua mahali pa kuujenga aliuweka pale pale ukuta wa bahari unapoishia, ingawa hapo ndipo pa mwisho pa kuweka kitu cha kudumu. Wimbi likipanda mteremko wa mchanga huchoka taratibu, lakini likigonga ukuta uliosimama wima hurudi na sehemu kubwa ya nguvu zake, likachimba mchanga kwenye kitako cha ukuta, na pale ukuta unapokoma huzunguka na kuila ardhi isiyo na kinga. Hayo si mambo mapya. Mji wa Galveston nchini Marekani ulianza kujenga ukuta wake mwaka 1902, baada ya kimbunga cha mwaka 1900, na ingawa ukuta huo uliukinga mji, mchanga uliokuwa mbele yake uliliwa kwa miaka mingi hadi ukalazimika kuletwa mwingine kutoka kwingine. Bahari nayo haisubiri: kati ya mwaka 1901 na 2018 wastani wa usawa wake duniani ulipanda kwa takribani sentimita 20, na pale maji yanapopanda huku ukuta ukibaki palepale, ufuko ndio unaobanwa katikati. Siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, mbele ya ukuta huu hakubaki hata pa kukanyaga.

Kwa hiyo sipingi kufungwa kwa njia iliyo hatari. Ningelalamika zaidi kama wangeiacha wazi. Ninachopinga ni kufunga bila kufungua pengine. Ngazi zimeachwa wazi, na kwa mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu ngazi ni sawa na ukuta wa pili. Wenye miguu mizima wasiotaka kuzunguka hadi kwenye ngazi waliupita utepe kwa pembeni, wakakatiza juu ya matuta yaliyopandwa majani, na mlinzi aliyekuwa mkali kwa mama yangu hakumkemea hata mmoja wao, kwani alikuwa amewapa mgongo. Mizizi ya majani hayo ndiyo inayoushika mchanga, na majani yenyewe hupunguza kasi ya upepo ili mchanga utue. Yakikanyagwa hufa, upepo ukapanua kijia hicho kikawa mfereji, na maji makubwa yakija yanakuta njia imeshatengenezwa. Utepe uliofungwa kwa jina la kuwalinda watu unausaidia ufuko kubomoka.

Hapa inanibidi niwe mkweli, ingawa hasira hainiruhusu kwa urahisi. Upande wa pili wa bustani, ng'ambo ya miti, kuna kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Sehemu ya maegesho ya zamani imeondolewa, njia ya waenda kwa miguu imesogezwa nyuma ili bahari ipate nafasi yake, na juu ya matuta imejengwa njia ya mbao iliyoinuliwa, yenye mianya ya kupitisha mwanga na mchanga, ili watu wapite bila kuyakanyaga majani. Magurudumu yalipita vizuri kabisa. Mama alifurahi, nami nilianza kufikiri kwamba labda nimewahukumu vibaya. Kisha njia ile ikaishia kwenye jukwaa la kutazamia, juu ya mchanga, bila namna yoyote ya kushuka. Yaani wanajua kujenga vizuri, wana mbao na mafundi, na bado mtu wa kiti anaruhusiwa kuitazama bahari tu, mbali na mahali ambapo angeweza kulowanisha vidole vyake. Hilo liliniudhi kuliko utepe.

Anayetembea mwenyewe anaweza kwenda, ila achague wakati maji yamekupwa na apite juu ya mbao. Mwenye kiti cha magurudumu asijisumbue mpaka atakapoona bango lenye tarehe ya kufunguliwa, kwa maana lililopo sasa halina tarehe yoyote. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimewapa nyota tatu, nikashuka hadi mbili nilipofika kwenye ngazi, na nikiikumbuka simu ile naona moja inatosha. Hiyo moja ni ya waliopanda majani, na sidhani kama ndio walioamua pafungwe wapi.