Search Console kwa blogu yenye mada mchanganyiko: maoni ya mtumiaji

Blogu yangu ina matengenezo ya baiskeli, mimea ya ndani, vitabu nilivyovisoma na namna ya kuandika barua za kikazi. Ushauri ninaopewa kila mara ni kuchagua mada moja na kuziacha nyingine, eti Google haitanielewa. Siukubali. Google kwa sehemu kubwa hupanga ukurasa mmoja mmoja, kwa hiyo maneno ya utafutaji nayachagua kwa kila makala, siyachagui kwa blogu nzima. Na katika vyombo vyote nilivyotumia kwa kazi hiyo, Search Console, inayokuonyesha jinsi tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji wa Google, ndiyo ninayoipenda kuliko vyote. Ni ya bure, inatoka Google wenyewe, na unachohitaji ni kuthibitisha kwamba tovuti ni yako.

Wengi huanzia Keyword Planner, chombo cha Google cha kutafutia maneno ya matangazo. Ni chombo kizuri kwa waliokusudiwa, yaani wanunuzi wa matangazo. Safu yake ya ushindani inaonyesha jinsi watangazaji wanavyoligombea neno, haisemi lolote kuhusu ugumu wa makala yako kufika juu. Asiye na kampeni ya matangazo huonyeshwa makadirio mapana ya utafutaji kwa mwezi, kama 100 hadi 1,000, na kati ya namba hizo mbili kuna tofauti kubwa mno kwa mtu anayetaka kuamua aandike nini wikendi hii. Niliwahi pia kulipia chombo kingine ambacho sitakitaja. Kwa Kiingereza kilimwaga orodha ndefu zenye alama za ugumu. Nilipoingiza maneno ya Kiswahili, karibu kila mstari ulirudi na sifuri. Sifuri hiyo si kweli. Watu wanatafuta kwa Kiswahili kila siku, na ninajua kwa sababu Search Console inanionyesha maneno waliyoyaandika wakanipata.

Hapo ndipo utamu wake ulipo. Ripoti ya utendaji inatoa hoja za utafutaji (yaani maneno ambayo watu waliyaandika Google), mara ambazo ukurasa wako ulionekana, mibofyo, na wastani wa nafasi. Lakini mwenye blogu mchanganyiko asiisome ripoti hiyo ikiwa nzima. Wastani wa nafasi unaochanganya minyororo ya baiskeli na riwaya ni wastani wa kitu kisichokuwepo. Bofya kwanza ukurasa mmoja, kisha rudi kwenye hoja. Sasa unaona watu wa makala hiyo tu. Kama blogu yako imepanga mada kwa folda, unaweza hata kusajili kila folda peke yake kwa kutumia anwani yake, na kila mada ikapata ripoti yake. Mimi nimefanya hivyo kwa baiskeli na mimea, na sioni namna nyingine iliyo safi zaidi.

Mfano: nina makala kuhusu kutunza magurudumu. Kwenye hoja zake nikakuta mtu ameandika “tairi la baiskeli linaisha upepo na halijatoboka”. Hakuna chombo cha kubuni maneno ambacho kingenipa sentensi hiyo. Ilikuwa inaonekana mara nyingi, nafasi yake ikiwa ukurasa wa pili wa matokeo, na mibofyo karibu hakuna. Nikaongeza sehemu yenye kichwa kinachotumia maneno hayohayo, nikaeleza vali inayovuja, utepe wa rimu uliosogea, na jinsi ya kuzamisha tyubu kwenye maji kutazama mapovu. Makala ikapanda. Ndiyo sababu jicho langu huenda moja kwa moja kwenye hoja zilizo kati ya nafasi ya 8 na ya 20: Google tayari inaona ukurasa unahusika, kinachokosekana ni jibu lililonyooka.

Geuza pia upande wa pili: bofya hoja, kisha tazama kurasa. Zikitokea kurasa mbili zako zinapokezana kwa hoja moja, ziunganishe. Kwa anayeandika mambo mengi kwa miaka hili hutokea sana, kwa sababu mada hurudi.

Mapungufu yapo. Kumbukumbu zinaishia miezi 16, jedwali linaonyesha mistari 1,000 tu, na hoja zilizoandikwa na watu wachache sana hufichwa kulinda faragha, kwa hiyo ukijumlisha mibofyo ya hoja hutapata jumla iliyo juu ya grafu. Kubwa zaidi, haiwezi kukuambia lolote kuhusu jambo ambalo hujaliandika.

Kwa hilo naitumia Google Trends, inayoonyesha jinsi neno linavyotafutwa zaidi au kidogo kadiri muda unavyopita, hasa kulinganisha namna mbili za kutaja kitu kilekile, au kujua msimu wa jambo. Kumbuka tu kwamba 100 yake ni kilele cha neno ndani ya kipindi ulichochagua, haimaanishi watu mia. Kisanduku cha maneno muhimu kilichomo kwenye violezo vingi vya blogu mimi nakiacha wazi. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo.

Makala za vitabu sizihangaikii. Jina la kitabu na la mwandishi nayaweka kwenye kichwa, kwani msomaji huandika hayohayo.

Kama blogu yako ni mpya kabisa, ripoti itakuwa tupu kwa muda. Isajili hata hivyo leo, kisha andika mwanzo wa swali kwenye Google, uache mapendekezo yajitokeze chini yake, na uchague lile unaloweza kulijibu kwa mikono yako mwenyewe.