Nyumba ya mradi upande wa Buswelu: baada ya mwaka na miezi minne ndani

Ni nyumba ya vyumba vitatu katika mradi wa nyumba zilizopangwa upande wa Buswelu, Ilemela, hapa Mwanza. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imekwama kwenye karatasi, nitaeleza.

Kwanza nilikotoka. Miaka 11 tulipanga Bugarika, juu kabisa kwenye mawe. Gari halifiki, maji unapanda nayo kwa ndoo. Mama mkwe alipopata kiharusi ilikuwa usiku, na vijana wa jirani walimshusha kwenye kiti cha plastiki mpaka barabarani, wakipumzika kila palipo na jiwe pana. Tangu usiku ule sikutaka tena habari ya kiwanja cha mlimani, hata ningepewa bure. Kwa hiyo siku ya kwanza mradini sikuanza na jiko wala vigae. Nilitembea barabara yao yote. Gari mbili zinapishana, kila nyumba ina namba, na geti linatazama njia. Moyo wangu ulishakaa hapo kabla sijaona vyumba.

Sasa malipo, maana hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Mimi nauza dagaa kwa jumla, soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Slipu ya mshahara sina, na benki mbili ziliishia kwenye swali hilo hilo. Wenye mradi walikubali nilipe kwa awamu: bei milioni 68, asilimia 30 kianzio, iliyobaki miezi 36, kila tarehe 5, ukichelewa unapigwa faini. Funguo unapewa ukifika nusu.

Tarehe 5 ilinitesa. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika, na sisi mwaloni tunakaa tunahesabu magunia matupu. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwa hiyo giza halikai kwenye tarehe moja. Ndani ya mwaka linakuwa limesogea siku 11 hivi. Kuna miezi tarehe 5 inanikuta na hela mkononi, na kuna miezi inanikuta na deni la wavuvi wa Ukerewe. Nililipa faini mara mbili. Mara ya tatu nikabeba daftari langu la mauzo la mwaka mzima nikaenda nalo ofisini kwao. Kijana wa mauzo akaniambia, "Mama, kaa, nionyeshe." Akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akampelekea mkubwa wake, na wiki iliyofuata wakaniandikia nyongeza ya mkataba: nilipe kila baada ya miezi mitatu, jumla ile ile, bila faini. Nawashukuru kwa hilo kutoka moyoni. Mwenzangu unayevua, unayelima mpunga au una kibanda sokoni, ombi hilo lipeleke kabla hujatia saini, lisubiri maandishi, usikubali la mdomo.

Karatasi sasa. Upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuangalia hati ni ya nani na ina deni gani, niliufanya nikiwa nimeshalipa kianzio, na hilo ni kosa langu. Nikakuta mradi mzima uko kwenye hati moja, na hati hiyo imewekwa rehani benki. Hakuna aliyekuwa amenitajia rehani. Maana yake wao wakishindwa kulipa mkopo, benki ina haki na ardhi ninayoilipia mimi kwa dagaa. Nikadai barua ya benki inayosema kipande changu kitaachiwa nikimaliza malipo. Barua ilikuja baada ya miezi mitano, na miezi hiyo mume wangu na mimi tulilala kwa zamu. Hata leo majirani wawili niliozungumza nao, waliokwisha kumaliza kulipa, bado wanasubiri hati zao. Ndiyo nyota niliyoishika.

Kingine ambacho watu hawaulizi: ardhi yetu yote, kwa sheria ya mwaka 1999, ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, unachonunua ni miaka ya kuitumia. Hati ya mradi ni ya miaka 99 tangu 2014, kwa hiyo hata yangu itaishia 2113. Si tatizo kwangu, ila ujue unanunua miaka mingapi. Na ushuru wa stempu, ule unaolipa serikalini nyumba ikihamia kwako, asilimia moja, haumo kwenye ile milioni 68. Jina la mume wangu na langu yote mawili yameandikwa kwenye mkataba, nilisimamia mwenyewe.

Nyumba yenyewe ni imara. Plasta haijapasuka, bati halivuji, jiko ni dogo kwa familia ya watu sita. Masika ya kwanza maji ya nyumba za juu yaliingia uani kwangu kwa sababu mtaro ulichimbwa kifupi. Fundi aligonga mwamba akaishia hapo. Walirudi baada ya wiki tatu na nyundo kubwa, wakaupasua. Masika ya pili uani palibaki pakavu. Sheria za mtaa haziruhusu mbuzi, kuku wa kufungua wala kuanika dagaa. Nimekubali, mzigo wangu unabaki stoo Kirumba, ingawa mlinzi wa getini huniamkia kwa Kisukuma "Mwangaluka, mayu", yaani habari za asubuhi mama, na kuniuliza kitoweo chake kiko wapi.

Mwezi wa nne mama mkwe alizidiwa tena, saa nane usiku. Bajaji ilisimama mlangoni.

Mdogo wangu anakuja Jumamosi kuangalia nyumba ya safu ya nyuma. Kwanza tutapita ofisi ya ardhi.